Kisu Chenye Skrubu za Kijani

Mama Fortunée mpendwa, wa kipindi cha ushauri, nakuomba unisaidie, na kwanza nakuomba usinicheke mpaka nimalize, maana jambo lenyewe ni la kisu cha mfukoni na mtu wa umri wangu angetakiwa kuwa na mambo mazito zaidi ya kumwandikia mtu wa redio. Majina halisi usiyasome. Mimi niite Ignace, na mama nitakayemtaja huko mbele tumwite Simone.

Nilitoka Butembo nikiwa kijana, nikaja Kisangani kumsaidia mjomba wangu, mjomba akafa, duka likabaki kwangu, duka la misumari, mabati, kufuli na rangi, quincaillerie kama tunavyosema, hapa Makiso, si mbali na mto. Nilikuwa na mke, Kahambu, tulizoeana mpaka tukawa hatuhitaji kuongea sana, kila mmoja alijua mwenzake atasema nini, naye amefariki, ni miaka kadhaa sasa. Binti yetu Kasoki ameolewa kulekule Butembo, ananipigia simu siku za sikukuu, tunaulizana afya, halafu mtandao unakatika, au labda ni sisi tunaoishiwa maneno, sijui.

Tangu hapo nakaa peke yangu, na nisikufiche, mama, ni upweke mtupu. Sufuria kubwa nimeitundika ukutani kwa sababu wali wa mtu mmoja ukiupika humo unaungua. Nikirudi nyumbani nawasha redio kwanza ndipo nafungua madirisha, ili majirani wadhani nina wageni, na mara nyingine mtangazaji akiuliza kitu namjibu, wewe mwenyewe nimekujibu mara nyingi. Dukani watu hawakosi, lakini wananiita patron, yaani bosi, wanauliza misumari ya bati, wanauliza kama kufuli ni imara, wanalipa, wanakwenda. Kanisani tunapeana mkono wa amani, huyu wa kulia na yule wa kushoto, halafu kila mtu anatazama mbele. Siku nzima inaweza kupita mtu hajaniuliza swali lisilo na bei ndani yake.

Sasa kisu. Ni cha kukunja, mpini mweusi, kina kibanio cha kukishikiza mfukoni, na skrubu ndogo zinazoshika mpini, pamoja na moja kubwa ambayo bapa la kisu linazungukia. Nakikatia kamba za mizigo. Siku moja ya mvua hakukuwa na mteja, nikazifungua skrubu nikisafishe, moja ikanichomoka ikaangukia kwenye babula, jiko la makaa, nilipokuwa nimeinjika chai, na nilipoitoa makaani kwa koleo ilikuwa imegeuka zambarau, zambarau ya bilinganya, nikaitazama muda mrefu sana. Basi nikaanza. Unaosha skrubu kwa petroli, maana alama ya kidole ikibaki inatoka doa, unatia mchanga kwenye kopo tupu la sardini, unazipanga juu ya mchanga, unaweka kopo kwenye makaa na kusubiri bila kubandua macho: inakuja njano kidogo, inakuja kahawia, inakuja zambarau, inakuja buluu, na ukichelewa kidogo tu inakuwa kijivu cha hovyo na inabidi upige msasa uanze upya. Ukiona rangi yako, unatoa haraka. Bapa sikuligusa kamwe, bapa likipata moto linalainika na halishiki makali tena. Na moto hutoa rangi zake hizo tu, ukitaka nyekundu hautoi, ukitaka kijani hautoi.

Nilianza na kahawia, nikakilaza kisu juu ya kaunta, skrubu zikitazama juu, pale mteja anapoweka mkono. Hakuna aliyesema kitu. Nikaweka zambarau. Hakuna. Nikaweka buluu zote na ile kubwa zambarau, nikasema safari hii lazima mtu ataniuliza, hata kwa kunidhihaki. Papa Henri, mwenzangu wa Butembo tunayesali naye parokia moja, alikichukua akakatia kamba ya mabati yake, akakirudisha, akasema kinakata vizuri. Mama, sikuwa natafuta sifa. Nilitaka tu mtu aseme, eh, jana zilikuwa nyeusi.

Huyu Simone ni mjane kama mimi, mtu wa Yanonge, huko chini ya mto, anauza samaki wa moshi na mawese, anapanda na kushuka mto kwa baleinière ya kaka yake Dady, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini. Ndani ya mashua kama hiyo mizigo ya watu inalala pamoja, kwa hiyo kila nyumba ina rangi yake, wanapaka mabeseni, madumu, makasia, mpaka vifuniko vya sufuria, ili mtu asichukue cha mwenzake. Rangi ya nyumba yao ni kijani kilichoanzishwa na marehemu baba yao, na huwezi kukikuta kwenye kopo la dukani, kinatiwa njano, kinatiwa tone la nyeupe, na ninayekichanganya ni mimi, tangu Kahambu akiwa hai. Simone husimama ng'ambo ya kaunta akitazama kijiti changu kinavyozunguka, anasema, "Bado, papa Ignace. Ongeza kidogo. Apo. Apo sasa, acha." Hakai sana, lakini akishaondoka duka linakuwa kubwa.

Basi mwezi uliopita, baada ya kumchanganyia, rangi kidogo ilibaki chini ya kopo, nami sipendi kutupa kitu, nikazipiga skrubu msasa, nikazisimamisha kwenye kipande cha boksi, nikazipaka ile kijani kwa ncha ya unyoya wa kuku, mara ya kwanza nyepesi, nikaacha ikauke, nikapaka tena, na nikangoja ikauke kabisa ndipo nikazirudisha, maana ukiharakisha inabanduka. Nilitumia rangi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Nakueleza hivyo ili ujue kwamba hapakuwa na nia nyingine.

Simone alipokuja tena kisu kilikuwa mahali pake. Alikiona kabla hajanisalimu. Akakichukua, akakikunjua, akakikunja, akapitisha kidole gumba juu ya kila skrubu.

"Papa Ignace, hii vert iko ya kwetu."

Nikasema ndiyo, ni kijani cha kwenu.

"Nani alikuambia uiweke?"

Nikasema hakuna. Akanitazama, akakiweka chini taratibu, akatoka, na misumari aliyoijia akaisahau. Mama, tangu nizike mke wangu sijaona mtu akishika kitu changu namna ile.

Baada ya siku chache akaja Dady na samaki wa moshi waliofungwa kwenye majani, na kabla hajafika mlangoni anapaza sauti, "Bokilo! Kumbe ulijificha tu apa nyuma ya misumari!" Bokilo, watu wa mji mnajua, ni mkwe, ni shemeji. Nikamuuliza shemeji wa nani. Akacheka sana. "Kitu yenye iko na vert ya papa hatuuzishake, hatukopeshake. Inabebwa tu na mutu wa nyumba. Wewe ulijiingiza mwenyewe, bon, sisi tumekubali. Mama kule Yanonge anasema ukuje akuone." Na kweli, nilipopita gatini siku hiyo wapakiaji walinipisha, mmoja akaniita bokilo, mwingine akaniletea kiti. Redio yao kubwa ilikuwa inatoa kipindi chako, kila mtu anapakia huku anasikiliza. Niliketi pale muda mrefu kuliko shughuli iliyonipeleka. Nilikula samaki wao. Nilirudi nyumbani na sikuwasha redio.

Lakini habari ikafika parokiani, na Jumapili baada ya misa Papa Henri akaniambia mbele ya watu, "Ignace, sasa umekuwa mutu wa mayi? Utatuletea nyavu ku duka?" Mtu wa maji, yaani kama hao wa mtoni. Wakacheka, hata mimi nikajifanya nacheka, na ndani nikasikia aibu. Kwa hiyo Dady alipokuja kuniuliza ni lini nitakwenda Yanonge, duka limejaa, Papa Henri mwenyewe yuko hapo anachagua kufuli, nikasema, "Dady, ile ilikuwa rangi ya kubakia tu. Hakuna kitu." Dady hakucheka. Akasema, "Ah. Ya kubakia. Bon." Akaondoka.

Tangu siku ile Simone hajakanyaga dukani. Juzi Dady alileta kopo tupu, akaliweka kwenye kaunta bila kuniita kwa jina lolote, akasema dada yake safari hii anataka buluu, buluu ya kawaida, isiyochanganywa, ataichukua Jumamosi kabla mashua haijaondoka. Sijui kwa nini amebadilisha, labda wateja wake wanapenda buluu.

Swali langu, mama, ni hili: nibandue kijani kwenye skrubu, nizirudishe nyeusi kama zilivyotoka kiwandani, ili mambo yaishe, au niziache? Na je, nimtume kaka yake amwambie kwamba sikuwa na nia mbaya? Nafikiria watu wa parokia, namfikiria Kasoki, atasema baba amezeeka vibaya. Kisu sasa nakitia mfukoni, kaunta imebaki wazi, na kila mteja anapoweka mkono pale mimi nashtuka. Kama inawezekana isome barua hii Alhamisi, kwenye kipindi cha mchana, isiwe Ijumaa.

Ni mimi mwenye kisu,
Makiso

*

Papa Ignace, sikukucheka. Mtu anayewasha redio ili majirani wadhani ana wageni hachekeshi. Pole kwa ajili ya Kahambu, pole kwa ile sufuria uliyoitundika ukutani. Na asante kwa kunijibu. Naongea na dirisha la studio mchana kutwa, kipindi kikiisha nazima taa na sijui kama kuna mtu alikuwepo. Kumbe alikuwepo mmoja, Makiso.

Pole imeishia hapo. Sasa sikiliza.

Unasema hapakuwa na nia nyingine. Papa, ni wewe uliyetufundisha hapa hewani kwamba moto hautoi kijani! Ile zambarau ya kwanza ilikutokea, skrubu ilianguka, sawa, hilo nakusamehe. Kijani hakikuanguka popote. Uliosha, ukapiga msasa, ukatafuta unyoya wa kuku, ukapaka, ukangoja, ukapaka tena, ukangoja tena. Duka lako limejaa makopo ya rangi na ungetaka nyekundu ungefungua nyekundu. Katika rangi zote ukachukua ile ambayo katika mji mzima unaichanganya wewe peke yako, kwa ajili ya nyumba moja tu, halafu ukaiweka mahali ambapo mwanamke wa nyumba hiyo huweka mkono wake. Na unaniambia ndiyo iliyokuwepo. Ya kubakia! Neno hilo umelisema kwa Dady, umelisema kwangu, na nadhani usiku unajisemea mwenyewe ili ulale.

Miezi mizima ulikuwa unatafuta mtu mmoja wa kuona. Akaja, akaona kabla hata ya salamu, akazigusa moja moja. Ulipata ulichokitaka, papa, na ukapewa hata kiti. Kisha Papa Henri akafanya mzaha kidogo mlangoni mwa kanisa, nawe ukayatupa yote mbele ya wateja wako. Huyo Henri alikishika kisu chako mkononi asione chochote. Leo ndiye unayemwachia akuchagulie mtu wa kula naye? Atacheka wiki mbili tatu, atachoka, ataenda nyumbani kwake, na huko kwake ana mke anayemngojea. Wewe utabaki na kufuli zako.

Sasa hiyo buluu. Unajua kutofautisha zambarau na buluu kwenye kitu kidogo kuliko ukucha, na hili hukuliona? Wateja wanapenda buluu! Wateja wananunua samaki, papa Ignace, hawanunui beseni. Huyo mama anaiacha rangi ya baba yake. Atapanda mashua ya kaka yake na mabeseni yasiyofanana na ya mtu yeyote wa kwao, kwa sababu kila akitazama kijani anasikia lile neno lako. Na wewe ulipokuwa unajificha nyuma ya kaunta, yeye alikuwa gatini kila siku, katikati ya wale wale waliokuletea kiti, na bila shaka wanamuuliza, bokilo wetu iko wapi? Amejibu nini, umewahi kufikiria? Upweke wako una mlango, jioni unaufunga. Wa kwake uko katikati ya watu na kila mtu anautazama.

Kuhusu Kasoki: mpigie leo, usingoje sikukuu. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na watu wa Henri. Mtandao ukikatika, piga tena. Nina hakika binti yako anaogopa kukuambia kwamba analala akiwaza nani anakupikia.

Na kumtuma Dady, hapana. Dady amebeba neno lako moja, linatosha.

Limebaki jambo la Alhamisi. Nilitaka kuiweka barua yako kando, nikuite faraghani, kwa sababu niliona hatari yake. Majina umeyabadilisha, vizuri, lakini kijani umekiacha, kisu umekiacha, misumari, Yanonge, kaka mwenye mashua, vyote umeviacha. Nikajiuliza, huyu papa ni mzembe kiasi hiki? Kisha nikasoma mstari wako wa mwisho. Alhamisi, mchana, isiwe Ijumaa. Mashua ya Jumamosi hupakiwa Alhamisi, na ni wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba gatini wanapakia huku wakinisikiliza. Umerudia ileile, papa Ignace. Umekilaza kisu juu ya kaunta, safari hii kaunta yangu, skrubu zikitazama juu, ukarudi nyuma hatua moja, ukangoja mtu aseme kitu.

Haya, nimekiona, nimesema. Na sasa hivi kule gatini naamini hakuna anayepakia chochote. Huyo unayemwita Simone amesikia kila neno, kuanzia sufuria mpaka unyoya wa kuku, na wote walio karibu naye wanamtazama usoni. Kwa hiyo maelezo yamekwisha, mimi nimekumalizia. Kilichobaki siwezi kukifanya kwa niaba yako.

Skrubu usiziguse. Kopo la buluu usilifungue. Chukua kopo zima jipya la kijani, tia njano yako, tia tone lako la nyeupe, na ukikoroga hakikisha hakuna atakayesema limebaki kutoka mahali. Jumamosi usiingoje, na yeye usimngoje, umengoja vya kutosha nyuma ya hiyo kaunta. Ulimkana mbele za watu, basi nenda mbele za watu, kwa miguu yako, kisu kikiwa mkononi. Mpe kopo. Sema, "Haikuwa ya kubakia." Baada ya hapo funga mdomo, mwache akasirike, ana haki ya kukasirika, na usitafute kiti.

Akilipokea, Jumamosi kuna mashua, na kuna mama Yanonge anayetaka kukuona. Asipolipokea, liache miguuni pake, urudi, zipige skrubu msasa, zioshe kwa petroli, zipe rangi yoyote moto utakayotaka kukupa, kisha Jumatatu uniletee kisu hapa studio. Nitakigeuza, nitazitazama moja moja, nitakuambia ni rangi gani, na utakunywa chai. Hilo nakuahidi. Lakini mimi ni mtu wa pili. Wa kwanza yuko gatini.

Na najua sasa hivi unanijibu. Uko nyuma ya kaunta, mkono mfukoni, unaniambia ndiyo mama, lakini. Acha kunijibu mimi. Zima redio, papa Ignace, beba kopo, uende.